Mjomba anataka PR, na mimi mradi wote nimeshaumwaga kwenye main

SWALI

Shikamoo dada,

Mimi ni binti, nakaa Chikongola hapa Mtwara mjini. Nimemaliza stashahada ya TEHAMA, ajira sijapata, ila sijakaa bure. Baba yangu mdogo ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho kule Tandahimba, na msimu uliopita nilikwenda kumsaidia kuandika madaftari. Dada, ile kazi inapasua kichwa. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, karani anaandika kwenye daftari, anaandika tena kwenye risiti, jioni anajumlisha kwa kikokotoo. Mnada ukishapita anaanza upya: bei, makato, kiasi cha kila mtu kwenda benki. Namba moja ikikosewa, asubuhi mkulima yuko mlangoni na hakuja peke yake.

Nikasema hii naiweza. Nimeandika programu kwa Django, zana ya Python ya kujengea programu za wavuti. Inasajili wakulima, inapokea uzito, inaweka bei ya mnada, inakata makato na kutoa orodha ya malipo. Yote ni kama mistari elfu sita hivi. Nimeijaribu kwa daftari la msimu uliopita na inafanya kazi. Kila kitu kiko GitHub, ule mtandao wa kuhifadhi msimbo, mpaka hifadhidata yenye wale wakulima niliowajaribia, ili siku nikibadilisha kompyuta nisihangaike.

Sasa baba mdogo anataka ianze msimu huu. Mimi naogopa, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuusoma msimbo wangu hata mstari mmoja. Rafiki yangu niliyesoma naye anasema kama inafanya kazi basi, habari za kupitiwa ni mambo ya makampuni makubwa. Ndipo nikamkumbuka mjomba, mdogo wake mama, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kuandika programu, yuko Dodoma. Nikamtumia faili la zipu kwa WhatsApp, nikamwomba aangalie. Siku zikapita, akajibu: "Nimeiona mpwa wangu, hongera sana, kazi nzuri." Basi, ikaishia hapo. Nilipombana kwamba nataka aipitie yote kwelikweli, akasema, "Sawa, fungua PR, nitakuandikia humohumo." Nikaitikia sawa mjomba, lakini ukweli sikuelewa nifungue PR (pull request, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yakishapitiwa) ya nini wakati kila kitu kiko kwenye main, tawi kuu la mradi, tayari.

Nikajaribu hivyohivyo. GitHub inaniambia hakuna cha kulinganisha. Nikafungua tawi jipya kutoka kwenye main, jibu likawa lilelile. Kijana mmoja akanishauri nitengeneze tawi lisilo na kitu kabisa. Nikafanya, ikaja lugha nyingine: eti matawi haya mawili yana historia tofauti kabisa. Hapo nikanyoosha mikono. Kumrudia mjomba na kumwambia nimeshindwa hata kufungua PR naona haya. Kwetu mjomba ni mjomba, na huyu ndiye aliyenilipia ada ya mwaka wa mwisho.

Naomba unisaidie mambo mawili. Nitampaje mradi mzima, mpya, aupitie wote mstari kwa mstari? Na nimwombeje bila kuonekana namtwisha mzigo?

Wako,
Mpwa wa Chikongola

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Kabla ya PR, turudi kwenye maneno uliyoyapitisha harakaharaka: "mpaka hifadhidata yenye wale wakulima". Kama ulijaribu kwa daftari la msimu uliopita, humo mna majina ya watu halisi, namba zao za simu, na huenda na za akaunti za benki. Acha kusoma kidogo, fungua GitHub uangalie kama ripo yako, yaani hazina ya mradi wako kule, iko wazi au ni ya faragha. Kama iko wazi, ifunge sasa hivi. Tangu Aprili 2020 GitHub wanatoa ripo za faragha bure na unaweza kualika watu kadiri unavyotaka, kwa hiyo gharama si kisingizio. Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za wakulima wa baba yako mdogo zinaingia humo moja kwa moja. Wale wazee walimpa karani namba zao ili walipwe, hawakuzitoa zikae kwenye seva za Marekani.

Na usidhani ukilifuta faili la hifadhidata leo ndiyo limeondoka. Git, ile programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, kazi yake ni kutunza kila kilichowahi kuwekwa. Faili likifutwa kwenye komiti (fungu la mabadiliko lililohifadhiwa) ya leo, linabaki kwenye komiti za jana, na mjomba akinakili ripo analipata. Ni hivyohivyo kwa nenosiri la huduma ya kutuma meseji na ile SECRET_KEY, ufunguo wa siri wa Django, kama uliziandika ndani ya settings.py, faili la mipangilio. Karibu kila anayeanza huziandika humo, kwa hiyo nachukulia na wewe umo. Nenosiri lililokwisha kuingia kwenye historia dawa yake ni kulibadilisha, hata kama ripo ilikuwa ya faragha. Na kama ripo ilikuwa wazi, mwambie baba mdogo mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Nimeanza na hili kwa sababu linaamua ni njia gani utumie kumfungulia mjomba hiyo PR.

PR inalinganisha matawi mawili. Inatafuta mahali ambapo yalikuwa pamoja mara ya mwisho, kisha inaonyesha kilichoongezeka upande mmoja tangu hapo. Ulipotoa tawi jipya kwenye main bila kubadilisha chochote, pande zote mbili zilikuwa sawasawa, basi hakuna cha kuonyesha. Ulipotengeneza tawi tupu lisilotokana na kitu, ulikuwa unaiuliza GitHub watu wawili wa koo mbalimbali waliachana wapi. Hawakuwahi kuwa pamoja, kwa hiyo ikakujibu kwamba historia zao ni tofauti. Unachohitaji ni mwanzo ambao hauna kitu, au karibu hauna kitu, na ambao msimbo wako wote umetokana nao. Hapo PR itauona mradi mzima kuwa ni nyongeza, na kila mstari utakuwa na nafasi ya kuandikiwa maoni.

Kwa wewe mwenye hifadhidata ya watu ndani ya historia, ushauri wangu ni ripo mpya kabisa. Najua mtu huona uchungu kuiacha historia yake, lakini tuseme kweli: umefanya kazi peke yako, na ujumbe wa komiti zako nadhani ni "update", "update2" na "final". Hupotezi kitu hapo.

Fungua ripo mpya GitHub, ichague iwe ya faragha, chagua iongezwe README (faili la maelezo ya mradi), na kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git isiyachukue) chagua ile ya Python. Hiyo .gitignore ya Python tayari inakataa db.sqlite3 (hifadhidata ya kawaida ya Django), .env (faili la maneno ya siri) na folda ya venv (maktaba za Python zilizopakuliwa). Ila inakataa kwa jina tu. Kama hifadhidata yako uliiita korosho_majaribio.db, ongeza jina hilo mwenyewe. Kisha inakili ripo kwenye kompyuta yako kwa git clone, ingia ndani ya folda, ufungue tawi la kazi:

git switch -c mapitio

Sasa hamisha msimbo kutoka folda ya zamani. Kuna folda iliyofichika inaitwa .git. Hiyo usiiguse, maana ukiihamisha umehama na historia yote uliyokuwa unaikimbia. Iache na hifadhidata, iache na venv. Maneno ya siri yaweke kwenye faili la .env, na settings.py iwe inayasoma kutoka huko.

Usimalize kwa git add . kila kitu kikaingia kwa mkupuo. Hapa nakusihi utumie muda. Ingiza kwa mafungu, kila fungu na komiti yake, kwa mpangilio ambao ungependa mtu ausome. Anza na modeli, yaani majedwali ya data: mkulima, mzigo, mnada, malipo. Halafu hesabu:

git add malipo/hesabu.py malipo/tests.py
git commit -m "Hesabu za malipo na makato"

Halafu ruhusa na watu kuingia kwenye mfumo, na mwisho kabisa kurasa na mapambo yake. Ukimaliza, git push -u origin mapitio, kisha ufungue PR: msingi ni main, kinacholinganishwa ni mapitio. Kwa kuwa main ina README na .gitignore tu, mjomba ataona mradi wako wote, na anaweza kuupitia komiti moja baada ya nyingine badala ya kumwagiwa mistari elfu sita kwa pamoja. Mkikubaliana ndipo unaunganisha. Faida yake nyingine ni kwamba kuanzia siku hiyo main yako haina kitu ambacho hakijasomwa na jicho la pili.

Kwa wasomaji wengine ambao historia yao ni safi na hawataki kuipoteza, njia ipo bila kuanza upya. Kama komiti yako ya kwanza ilikuwa na README tu, toa tawi kwenye komiti hiyo, lisukume GitHub kwa git push, na hilo ndilo liwe msingi wa PR. Kama komiti ya kwanza ilikuwa na kila kitu, fanya hivi, ukiwa umehakikisha kwa git status kwamba hakuna kazi inayoelea:

git switch --orphan tupu
git commit --allow-empty -m "Mwanzo mtupu"
git push -u origin tupu
git switch -c mapitio
git merge --no-edit --allow-unrelated-histories main
git push -u origin mapitio

Kisha PR, msingi ni tupu, kinacholinganishwa ni mapitio. Usishtuke baada ya amri ya kwanza ukiona mafaili yametoweka kwenye folda. Yako salama kwenye main. Yatakayobaki ni yale ambayo Git haiyafuatilii, kama .env, kwa hiyo ukiwa hapo usithubutu kupiga git add. Amri ya switch inataka Git 2.23 au zaidi, iliyotoka Agosti 2019. Yule kijana aliyekushauri alikufikisha nusu ya njia hii: tawi tupu mlilipata, ila hamkuliunganisha na main, na ule mstari wa tano ndio unaozipa pande mbili asili moja. Mapitio yakiisha, rudi main na uunganishe mapitio humo. Itapokea bila ugomvi, kwa sababu mapitio imeshaibeba main yote ndani yake.

Tuje kwa mjomba. Lile "hongera sana, kazi nzuri" lisikuumize. Mtu aliyetumiwa faili la zipu kwenye simu, jioni, ametoka kazini kwake, hana jingine la kusema. Hana pa kuandika kwamba mstari fulani una shida, na hajui wewe unaogopa nini hasa. Kuna utafiti wa kampuni ya SmartBear uliofanyika ndani ya Cisco Systems na kutoka mwaka 2006, uliochunguza mapitio ya msimbo wapata 2,500. Walichokiona ni kwamba mtu akizidisha mistari 200 hadi 400 kwa kikao kimoja, makosa yanaanza kumpita, na akishafika kama saa moja na nusu jicho limechoka. Gawa elfu sita yako kwa mia nne. Vikao kumi na tano. Hicho ndicho unachomwomba mjomba, ujue, hata kama wewe uliandika "naomba uniangalizie".

Kwa hiyo mwombe kwa kumpunguzia. Usimtumie salamu ndefu halafu ombi likafichwa mwishoni. Mwandikie hivi, au namna yako:

"Shikamoo mjomba. PR nimeshafungua na nimekualika. Nimeipanga kwa komiti, kila moja inasomeka peke yake. Ninachokiogopa zaidi ni hesabu za malipo na nani anaruhusiwa kubadilisha uzito. Ukipata muda wa hizo komiti mbili tu kabla ya mnada wa kwanza nitashukuru sana. Zilizobaki tutakwenda nazo taratibu, hata msimu ukiwa unaendelea. Jinsi ya kuiwasha nimeandika kwenye README."

Mtu mwenye shughuli akipata ujumbe kama huo anajua aanzie wapi na amalizie wapi. Na usione haya kumwambia ulikwama kwenye PR. Wengi walio kazini wamezoea ripo walizozikuta zimeshaanza, na hii ya kuupitia mradi mpya wote kwa mara moja huwasumbua pia.

Hiyo README ndiyo sehemu ambayo ningekukazia kuliko zote, maana mjomba wako anajua Python lakini hajui korosho. Akikuta mstari unaokata makato kabla ya kugawa, ataona msimbo safi, ataupitisha. Atajuaje kama chama chenu ndivyo kinavyokata? Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaoeleza safari ya gunia: linapimwa chamani, karani anatoa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, bei inarudi, makato ya msimu huo yanatolewa, kinachobaki kinakwenda benki. Taja daraja za korosho na kwamba bei zake hazilingani. Kisha weka mfano wa mkulima mmoja wa kubuni, kilo zake, bei yake na makato yake, umehesabu kwa mkono mpaka shilingi ya mwisho. Mfano huo baba mdogo na karani wausome kwanza waseme ndiyo. Hawajui Django, lakini kosa la kanuni wataliona wao kabla ya mjomba.

Sasa nikuonyeshe mambo ambayo mimi ningeyatafuta, ili uyakague mwenyewe kabla hujampelekea mtu.

La kwanza ni fedha kuhesabiwa kwa float, namba za desimali ambazo kompyuta huzitunza kwa kukadiria. Fungua Python uandike 0.1 + 0.2, utapata 0.30000000000000004. Kwenye modeli tumia DecimalField, na kwenye hesabu utumie Decimal mwanzo hadi mwisho. Kisha angalia unavyokadiria nusu shilingi. Tuseme, kwa mfano tu, makato fulani ni shilingi 25 kwa kilo. Mkulima wa kilo 62.5 anakatwa 1,562.50, wa kilo 63.5 anakatwa 1,587.50. Ukitumia round ya Python, wa kwanza atakatwa 1,562 na wa pili 1,588. Mmoja kashushiwa, mwingine kapandishiwa, kwa sababu round ikikuta nusu kamili huikimbilia namba shufwa iliyo karibu. Hela yenyewe haifiki hata shilingi, lakini kama risiti unakadiria moja moja na orodha ya benki unakadiria kwenye jumla, karatasi mbili hazitakutana, na chama ambacho karatasi zake hazikutani unajua mkutano wake mkuu unavyokuwa. Amua kanuni moja, iulizie chamani, iandike kwenye README, itumie mahali pamoja tu.

Jingine, na hili nimeliona kwenye programu nyingi za namna hii: bei ya mnada imehifadhiwa sehemu moja, na malipo yanahesabiwa upya kila ukurasa unapofunguliwa. Karani akirekebisha bei ya mnada wa pili kwa kubonyeza palipo pa mnada wa kwanza, malipo yaliyokwisha kwenda benki yanabadilika kimyakimya kwenye skrini. Malipo yakishaidhinishwa, bei na makato yaliyotumika yanakiliwe kwenye rekodi yenyewe na yasiguswe tena. Uzito nao vilevile. Karani anaweza kuubadilisha baada ya risiti kutoka? Kama anaweza, inaandikwa wapi kwamba ulikuwa ngapi, ukawa ngapi, na nani kafanya hivyo? Baba mdogo hawezi kuona tatizo hapa kwa kuwa karani ni mtu wake. Mfumo usijengwe kwa kumwamini mtu wa msimu huu.

Kuna na umeme. Ukikatika katikati ya kuhifadhi orodha ya malipo, nusu ya wakulima wanakuwemo na nusu hawamo. Kazi kama hiyo ifungwe ndani ya transaction.atomic, iingie yote au isiingie kabisa. Majina sitayazungumzia sana, unajua mwenyewe kijiji kimoja kina akina Hamisi wangapi. Tafuta mtu kwa namba ya mkulima.

Hakikisha pia DEBUG, ile hali ya majaribio ya Django, haibaki True siku ya kuiwasha chamani.

Maoni ya mjomba yakianza kuja, yatakuwa mengi kuliko ulivyotarajia, na mengine makavu. Maandishi hayana sauti, mtu akiandika "hii kwa nini?" unaweza kusikia karipio ambalo hakulikusudia. Jibu kila moja: umerekebisha, au hujaelewa, au una sababu yako, na sababu uitaje. Marekebisho yafanye kwa komiti mpya juu ya tawi lilelile la mapitio, usizifute za zamani na kusukuma kwa nguvu, ili akirudi aone kilichobadilika tangu aliposoma. Akikataa kitu cha mtindo tu, kama jina la kigezo, mpe. Akikataa kanuni ya hesabu ambayo karani ameithibitisha, hapo simama, umpeleke kwenye README. Heshima ya mjomba haipungui kwa sababu mpwa anajua korosho zaidi yake.

Rafiki yako anayesema ikifanya kazi basi, mwulize kama yuko tayari kuwa pale dirishani siku ya malipo.

Limebaki la baba mdogo. Minada kwa kawaida huanza Oktoba, na vikao kumi na tano vya mtu mwenye ajira yake haviishi kabla ya hapo. Usimwahidi kwamba daftari linazikwa msimu huu. Mwambie programu itakwenda sambamba na daftari: karani anaandika kama kawaida, wewe unaingiza kwenye mfumo, na kila baada ya mnada mnalinganisha jumla mbili kabla orodha haijaenda benki. Zikipishana, daftari ndilo linalofuatwa na wewe unaandika kwenye ripo nini kimepishana, bila kutaja jina la mkulima. Orodha hiyo ya tofauti mpelekee mjomba, itamsaidia kujua komiti ipi aisome kwanza kati ya zilizobaki.

Ile ripo ya zamani usiifute kabla hujaiwasha mpya kwenye kompyuta nyingine na kuona inakubali kuanzia kwenye README yako peke yake, bila wewe kuongeza neno. Ikikubali, ile ya zamani ifute kule GitHub. Nakala ya hifadhidata ya majaribio ihifadhi chamani kwa baba mdogo, isiwe kwenye simu yako. Na ukikwama mahali, niandikie tena, ila uniwekee ujumbe wa kosa kama ulivyotoka kwenye skrini pamoja na jibu la git --version.